Mjomba Kasimiri na Mungu wa Buguruni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kasimiri Nangumbi alipita kwa dada yake pale Mtoni kunywa chai ambayo hakuichangia hata jani. Na kila asubuhi dada yake, Bernadeta, alimpokea kwa salamu waliyolelewa nayo wote wawili huko misheni: "Tumsifu Yesu Kristo." Kasimiri hakuitika "milele amina" kama binadamu wenzake. Aliinua kidole kimoja juu, akakohoa, akasema, "Tumsifu Mungu, aliyemtuma Yesu Kristo." Kisha akabaki amesimama, kidole hewani, akingoja mtu aitike.

Hakuna aliyeitika. Bernadeta alikuwa ameshainamia birika. Mumewe Albano, mchonga vinyago, aliyekaa barazani na patasi yake tangu kulipopambazuka, aliendelea kugonga mpingo. Yustina, binti yao, aliyekuwa mwalimu wa darasa la tatu shule ya jirani, alijifanya anatafuta kiatu. Kidole kilishuka chenyewe. Mjomba akaketi, akavuta kikombe na kipande cha muhogo, na Mwenyezi Mungu akaachwa apumzike mpaka kesho.

Yustina alimdharau mjomba wake. Dharau yake haikuwa na kelele, maana hakuwa msemaji, na tena alikuwa amelelewa vizuri: mpwa hamhoji mjomba. Katika miaka yake yote ishirini na kitu alikuwa amemwambia "shikamoo" na "ndiyo mjomba", basi. Lakini kichwani mwake alikuwa amemwandikia sifa zake zote, na hakuna hata moja aliyopenda kuisoma mara ya pili.

Kasimiri alizaliwa Newala, akasoma mpaka darasa la nne, akaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya watoto mpaka sauti ilipomvunjika. Mwaka wa Uhuru alipanda lori kuja Dar es Salaam, akiamini kwamba Wazungu wakiondoka maofisini, viti vyao vitawangoja watu wa darasa la nne. Kiti alichokipata kilikuwa stuli ya bawabu kwenye geti la nyuma la kiwanda kimoja cha nguo, geti linalopitisha takataka za pamba na wafanyakazi waliochelewa. Alioa. Mke akakaa naye miaka mitatu, akarudi Newala, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba masikio yake yamechoka. Tangu hapo Kasimiri alipanga chumba kwa Mzee Marijani, mwenyeji wa pwani aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita karibu na barabara ya Kilwa, na jioni alizunguka akitafuta mtu wa kumweleza mambo.

Alimpata Buguruni. Nyuma ya soko palikuwa na fundi cherehani aitwaye Gozbert, Mhaya mrefu mwenye miwani, aliyewahi kukaa seminari miaka miwili. Wengine walisema aliacha mwenyewe, wengine walisema aliachishwa. Kila Jumatano jioni watu wanane au tisa walikaa kuizunguka cherehani yake, wakafungua Biblia, na wakajiita Ndugu wa Neno Moja. Walifundishana kwamba Yesu ni Mwana, ni mkubwa kuliko malaika wote, ni wa kwanza katika vyote alivyoumba Mungu, lakini kaumbwa. Palikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Kumwita yeye Mungu, walisema, ni uzushi wa maaskofu na wafalme. Yule aliyekiri kwa kinywa chake kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye, nyie nani mumpandishe cheo?

Swali lenyewe Yustina hakulidharau. Alijua kwamba zamani sana, katika nchi za mbali, watu wenye elimu na ndevu zao waliligombania swali hilohilo, wakafukuzana mijini, wakalaaniana. Lilikuwa swali zito. Kilichomkera ni kuliona swali zito namna hiyo limeangukia mdomoni mwa mjomba Kasimiri, aliyelitafuna pamoja na muhogo, mdomo wazi.

"Shemeji," Kasimiri alimwambia Albano, akiangalia misalaba iliyopangwa barazani ikingoja kupelekwa mjini, "umechonga Mungu wangapi wiki hii?"

"Wanne," Albano alijibu bila kuinua macho. "Wa tano angekuwepo, ila mti ulikuwa na ufa."

"Unacheka. Siku ya mwisho utaulizwa."

"Nitaulizwa, na wewe si utakuwa hapo getini? Utanifungulia."

Mambo yangeweza kwenda hivyo miaka yote, watu wakicheka na chai ikinyweka, kama Yustina asingetaka kuolewa.

Mchumba wake, Fransis, alikuwa fundi mitambo, mtulivu, wa ukoo wa kule kwao kusini. Padri alikuwa ameshakubali, na tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani. Lakini kwa watu wa Newala, baba ni mgeni wa heshima tu: anapikiwa vizuri, akikohoa anasikilizwa, ila mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayemtoa. Wazazi wa Fransis waliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Walisema wazi kwamba msichana asiyetolewa na mjomba hawatampokea, kwa sababu kesho mtoto akiugua, au mimba ikiharibika, wataambiwa ni kinyongo cha mjomba, nao hawana nguvu za kupambana na vinyongo vya watu. Bernadeta alikuwa na kaka mmoja tu duniani. Ndiye huyo wa kidole.

Basi jioni moja ya Jumamosi akaja mshenga. Aliitwa Leodegar, dresa mstaafu, mzee mpole wa kofia ya pama, aliyezoea kusema na watu waliolala kitandani. Ulikuwa mwaka ule wa unga wa njano, ambao watu waliuita yanga, na Bernadeta alikuwa amepanga foleni tangu asubuhi kupata sukari ya kumwekea mgeni kwenye chai. Yustina alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama inavyompasa msichana anayeombwa.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," Leodegar alianza, na wote wakajipiga ishara ya msalaba. Kasimiri aliweka mikono yake magotini kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Leodegar aliona, akaendelea. "Mjomba, sie tumekuja kuomba jiko."

"Jiko lipo," Kasimiri alisema. "Mtalipeleka wapi?"

"Kanisani, bwana. Kwingine wapi?"

"Kwa Mungu wangapi?"

Leodegar alimtazama Albano. Albano aliyatazama mabati.

"Mmoja," Leodegar alisema.

"Nihesabie huyo mmoja."

"Baba. Mwana. Na Roho Mtakatifu."

"Mmoja huyo?"

"Mmoja, nafsi tatu. Ni kama... madhali tumezungumzia jiko, mjomba, ni kama mafiga. Mafiga matatu, jiko moja." Mzee aliupenda mfano wake, akatabasamu.

"Nikiondoa figa moja?"

"Chungu kitamwagika, lazima."

"Basi huyo Mungu wako anamwagika," Kasimiri alisema, akageuza shingo kuangalia nani kasikia.

Nyuma ya pazia Yustina alifumba macho. Mmoja hakujua anachokitetea, mwingine hakujua anachokishambulia, na katikati yao, kama mpira wa matambara kati ya watoto wa mtaani, yalikuwa maisha yake.

"Mie mpwa wangu namtoa kwa moyo mweupe," Kasimiri aliendelea, sasa akiwa amesimama. "Lakini mbele ya altare inayosujudia kiumbe, simtoi. Mwambieni huyo kijana aje Buguruni, tumfungishe ndoa safi kwa jina la Mungu mmoja."

"Buguruni kwenye cherehani?" Bernadeta aliuliza.

"Dada, Mungu haangalii fanicha."

"Kasimiri, wewe na Fransis mlimwagiwa maji na padri yuleyule!"

"Nilikuwa mtoto."

"Na sasa umekuwa nini?"

Kasimiri alichukua kofia yake akatoka, na shingo yake ilivyonyooka ungedhani ametoka kulihutubia Bunge.

Mlangoni, Leodegar alimvuta Albano pembeni. Alikuwa na huzuni, na adabu zake hazikumwacha aseme kwa sauti. "Ndugu yangu, mngetuambia mapema. Kumbe mjomba kasilimu."

"Ka nini?"

"Msalaba hagusi. Utatu hataki. Yesu kwake si Mungu, ni mtume tu. Sie hatuna neno, Waislamu ni ndugu zetu, tumekaa nao miaka. Ila tungejua mapema, tungemtuma mtu wa dini yake akaseme naye. Nani mkubwa wake huko?"

Hapa mtu mwingine angemsahihisha mzee. Lakini Albano alikuwa amemsikiliza shemeji yake kila asubuhi kwa miaka miwili, tena kwa chai aliyoinunua yeye. Alikuna kidevu. "Anakaa nyumba ya Mzee Marijani," alisema. "Msikiti wao ni ule wa kona."

Na Leodegar, kwa moyo wake mwema, akaenda.

Ijumaa iliyofuata Bernadeta alimtuma Yustina apeleke ujumbe kwa mjomba wake: tangazo la pili linasomwa Jumapili, afikiri tena. Yustina alifika uani kwa Mzee Marijani wakati watu wametoka msikitini, akakuta mkeka mpya umetandikwa mbele ya chumba cha Kasimiri. Mzee Marijani alikuwa amekaa hapo na wazee wenzake wawili. Mbele yao palikuwa na sahani ya tende, birika la kahawa, na juu ya kitambaa cheupe, kofia ya tarizi, nyeupe pe, na kanzu iliyokunjwa. Wanawake wa vyumba vingine walisimama milangoni mwao, na mke wa Mzee Marijani, Bi Mwamvita, alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele.

Kasimiri alisimama kizingitini na sare yake ya ubawabu, amechelewa kuielewa dunia.

"Karibu, ndugu yetu," Mzee Marijani alisema. "Usione haya. Mzee Leodegar katueleza. Miaka yote unakaa kwangu, kumbe moyo umeshavuka, unaogopa jamaa zako tu."

"Umevuka wapi?"

"Mwenyewe nilikuwa naona. Nguruwe huli. Krismasi husherehekei. Na kile kidole! Kila saa kidole juu, Mungu mmoja, Mungu mmoja. Nikamwambia Mwamvita, huyu ni wetu, bado shahada tu."

"Na jina halina taabu," mzee mmoja alisema. "Kasimiri, Kasimu. Limejipeleka lenyewe."

"Mzee Marijani," Kasimiri alisema, "mie ni Mkristo."

Vigelegele vikakatika.

"Mkristo?" Mzee Marijani aliuliza polepole. "Haya. Isa ni Mungu?"

"Si Mungu."

"Alhamdulillahi. Basi?"

"Lakini ni Mwana wa Mungu! Alikufa msalabani, akafufuka. Huyo ni Mwana wa pekee, si mtume kama mitume wengine!"

Bi Mwamvita, aliyekuwa amebaki na kigelegele chake mdomoni hana pa kukipeleka, hakuweza kuvumilia. "Ee baba, mbona unatutia wazimu? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtoto wa mbuzi ni mbuzi. Sasa huyo mtoto wa Mungu kwako wewe kawa nini, balozi wa nyumba kumi?"

Ua mzima uliangua kicheko. Mwanamke mmoja alilazimika kushika ukuta. Hata wale wazee wawili walijifunika nyuso kwa mikono, na Yustina, aliyesimama nyuma kabisa karibu na choo, aliuma ukingo wa khanga yake. Kuna maelezo, alijua, ya kumjibu Bi Mwamvita. Waliomtangulia mjomba wake kwa karne nyingi walikuwa nayo. Kasimiri hakuwa nayo. Aliinua kidole, akakumbuka kidole chenyewe kilivyomponza, akakishusha.

Mzee Marijani peke yake hakucheka. Aliikunja ile kanzu vizuri, akaiweka kofia juu yake. "Bwana Kasimiri," alisema, "mie najua ninachokiamini. Padri wenu naye anajua anachokiamini. Wewe umekaa kizingitini, hutoki wala huingii, na kuna msichana anataka kupita. Sogea pembeni, baba." Kisha akainua birika. "Kahawa lakini unakunywa?"

Kasimiri aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Yustina alirudi nyumbani na ujumbe wake mdomoni, maana hapakuwa na haja ya kuutoa.

Habari ya kofia ilitembea kuliko basi. Jumatatu, getini kwa Kasimiri, wafanyakazi waliochelewa walipita wakimwambia, "Asalaam alaikum, Shehe Kasimu," na wale Waislamu wa kweli kati yao ndio waliocheka zaidi. Kiongozi wa zamu alimuuliza kama atahitaji ruhusa ya Ijumaa. Jumatano alipokwenda Buguruni, Gozbert alimpokea kwa baridi, akataka kujua kwa nini amekubali kuvishwa kanzu. Aliposema kwamba hakuvishwa, akaulizwa kwa nini basi ilikuwa ya kipimo chake.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda kwa watu wa namna hii. Machozi ya dada yake hayakumgeuza. Ndoa ya mpwa wake kuning'inia haikumgeuza. Lakini kuitwa Shehe Kasimu getini siku kumi mfululizo, hilo lilimvunja. Asubuhi moja aliingia kwa Bernadeta bila kusubiri salamu.

"Nitamtoa," alisema.

Bernadeta aliliweka birika chini.

"Nitamtoa mwenyewe, kanisani, mchana kweupe, Jumapili, misa ya watu wengi. Mtaa wote uje uone kama mie ni Mkristo au si Mkristo."

"Mungu akubariki, kaka yangu."

"Lakini sipigi magoti. Na ishara ya msalaba sifanyi."

"Simama hata kwa mguu mmoja," Bernadeta alisema, "ilimradi uwepo."

Yustina alikuwa akisuka ukindu pembeni. Alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi alipomkumbuka Fransis. Lakini juu ya furaha ile palielea tone la kinyaa, kama mafuta juu ya maji. Hakuolewa kwa ajili ya upendo wa mjomba, wala kwa ajili ya Mungu mmoja wala wa nafsi tatu. Aliolewa kwa ajili ya kofia.

Harusi ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio. Kasimiri aliazima suti ya rangi ya kahawia iliyomfika juu ya kifundo cha mguu. Alimshika Yustina mkono, akamwingiza kanisani kwa mwendo wa polepole sana, akigeuza uso kushoto na kulia ili wa pande zote mbili wamwone. Mzee Leodegar alikuwa benchi la mbele, na alipomwona alishtuka, kisha akafurahi, maana aliamini mahubiri ya Mzee Marijani yamemrudisha mtu kwenye Ukristo.

Watu walipopiga magoti, Kasimiri alisimama. Kanisa zima lilikuwa chini kama mpunga uliolala, na yeye juu peke yake, mikono nyuma, soksi zinaonekana. Watoto walimtazama yeye badala ya altare. Padri alimtazama mara moja, akaona heri amalize misa.

Kisha ilikuja Nasadiki, ile sala ya kukiri imani. Siku hizo karibu kila kitu kilikuwa kimeshageuzwa Kiswahili, lakini kwaya ya wazee wa kusini waliopenda ya zamani ilikuwa imeomba ruhusa kuimba Kilatini siku ya harusi ya mtoto wa kwao. Walianza. Kwa mistari miwili Kasimiri alibana midomo. Lakini ule wimbo aliufundishwa akiwa na miaka minane, na fimbo, kila asubuhi, mpaka ukamwingia kwenye mifupa. Mstari wa tatu midomo yake ilicheza. Wa nne sauti ilitoka. Halafu mjomba Kasimiri, aliyeimba mara ya mwisho kabla hajaota ndevu, alifumbua kinywa akaimba besi, besi nzito, nzuri, ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Wanakwaya waligeuka. Aliimba akiwa amefumba macho, na hakukosea hata neno moja, kwa kuwa hakuelewa hata neno moja.

Yustina alielewa. Kilatini kidogo alikuwa amekidokoa kutoka vitabu vya misa vya mama yake, vile vyenye lugha mbili ukurasa kwa ukurasa, na alifuata maneno yakipita kinywani mwa mjomba wake kwa sauti ya kutikisa madirisha: kwamba Yesu ni Mungu kweli, atokaye kwa Mungu kweli, kwamba alizaliwa, hakuumbwa. Hasa hilo la kutoumbwa, kwaya ililirudia, na Kasimiri alilirudia pamoja nao, kwa raha.

Dirishani, upande wa nje, palikuwa na mtu mrefu mwenye miwani. Gozbert alikuwa amekuja kujionea kama ndugu yake wa Neno Moja atapiga magoti. Na miaka yake miwili ya seminari haikuwa imepotea bure.

Kilichofuata Buguruni kilisimuliwa na mwanamke mmoja wa kundi lile aliyekuwa akiuza nazi. Jumatano Kasimiri alifika akiwa kifua mbele, akitangaza kwamba alisimama misa nzima hakupiga goti. Gozbert hakumkaribisha kukaa.

"Umekiri mbele ya watu mia tatu kwamba Yesu ni Mungu kweli na hakuumbwa."

"Mie? Lini?"

"Uliimba. Nilikusikia mwenyewe. Ulipita hata kwaya."

"Aa, ule! Ule ni wimbo tu, Ndugu Gozbert. Tulikuwaga tunaimba utotoni. Mie Kilatini sijui!"

"Kinywa chako kinajua," Gozbert alisema, na akarudi kwenye cherehani yake. Wale wengine saba walimtazama mpaka alipotoka. Hakuna aliyemwonea huruma, na kwa nini wamwonee? Nao walikuwa na swali zito la kulilinda, na kila mmoja wao alitoka katika geti lake la nyuma.

Kwa mila yao, bibi harusi huenda kumwamkia mjomba juma moja baada ya harusi, na hupeleka jogoo. Yustina alichelewesha hadi majuma mawili, kisha akaenda. Alimkuta Kasimiri amekaa mlangoni mwa chumba chake, jioni ya Jumatano, viatu vya kutokea vikiwa miguuni na hana pa kwenda. Bi Mwamvita alipita na ndoo, akasema, "Kasimu wangu, leo hakuna ibada?" na akapita zake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

Alimpokea jogoo, akamfunga kamba mguuni, akamwekea mgeni kigoda. Alianza kusema mambo ya kiwandani, kwamba kiongozi wa zamu hajui kazi, kwamba yeye angepewa geti la mbele ungeona. Yustina alimsikiliza kama alivyomsikiliza siku zote, akiona upuuzi katika kila sentensi na suti ya kahawia ikiwa bado inaning'inia nyuma yake, haijarudishwa kwa mwenyewe. Alifikiria kuaga. Sasa alikuwa mke wa mtu, mkubwa, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya tena alichopewa. Labda ndiyo sababu swali lilimtoka, la kwanza na la pekee alilowahi kumuuliza, na hata yeye alishtuka kulisikia.

"Mjomba, kule Buguruni ulikuwa unafuata nini?"

Kasimiri alimtazama yule jogoo. Hakukohoa wala hakuinua kitu.

"Walikuwa wananiuliza mie naonaje," alisema.